Herufi Nene za Mviringo: Zilikotoka, Zinachofanya na Zinapokwamisha Kiswahili

Pita mtaa wowote wenye maduka, Manzese au Eastleigh, usome mabango. Shule ya chekechea, saluni, duka la maziwa, kliniki ya meno, kampuni ya intaneti: wengi wamechagua herufi za aina moja. Ni nene, hazina vijimkia kwenye ncha, na kila mstari unapoishia umeviringwa. Ukimuuliza fundi wa mabango kwa nini kazitumia hizo, atakujibu kwa ufupi kwamba zinapendeza, watoto wanazipenda, hazimtishi mteja. Jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli wa juzijuzi. Herufi hizi zina umri unaokaribia miaka mia mbili, na kwa sehemu kubwa ya umri huo aliyeziviringa hakuwa na nia ya kumpendeza mtu. Kifaa chake ndicho kilichoamua.

Nasisitiza kifaa kwa sababu mjadala wetu kuhusu herufi, pale unapokuwepo, huishia kwenye ladha: huyu anapenda hizi, yule anapenda zile. Anayejua umbo la herufi lilizaliwa wapi anaweza pia kusema litamfaa nani na litamponza nani. Sisi tunaoandika Kiswahili tuna sababu zetu za ziada za kujua, maana lugha yetu inaziweka herufi hizi kwenye majaribu ambayo waliozichora hawakuyafikiria.

Mwaka 1827, Darius Wells wa New York alianza kutumia mashine yenye keekee inayozunguka kwa kasi ili kuchonga herufi za mbao za kuchapia matangazo makubwa. Mwaka 1834, William Leavenworth akaongeza pantografu, yaani mikono ya chuma inayofuatisha umbo la kielelezo na kulirudia kwenye mbao, kubwa au dogo kadiri utakavyo. Kuanzia hapo matangazo ya sarakasi, minada na meli yakajaa herufi kubwa za bei nafuu. Sasa, keekee ni duara. Inaweza kuzunguka kona ya nje vizuri, lakini ikiingia kwenye kona ya ndani huacha mviringo unaolingana na unene wake. Aliyetaka kona kali alilazimika kurudi na kisu cha mkononi. Katika miaka hiyohiyo ya 1830, herufi nene zisizo na vijimkia na zenye kona za mviringo zikaanza kuonekana kwenye vitabu vya sampuli vya Marekani.

Hali hiyo ilijirudia kila mahali ambapo herufi zilichongwa badala ya kuandikwa. Huko Leicester, Uingereza, kampuni ya lenzi ya Taylor, Taylor & Hobson ilichonga majina na namba kwenye vyuma vya lenzi zake kwa ncha moja ya mviringo, mstari mmoja kwa kila mkono wa herufi. Umbo hilo lilivuka bahari likaingia kwenye mashine za kuchongea za kampuni ya George Gorton ya Racine, Wisconsin, na leo linajulikana kwa jina la Gorton. Liliandikwa kwenye vibao vya mitambo, vitufe vya kompyuta za zamani na meza za kuongozea safari za Apollo za kwenda mwezini. Hakuna aliyelitazama akafikiria watoto au maziwa. Wachora ramani waliotumia kalamu za bomba nao walipata ncha za mviringo, kwa kuwa wino unaotoka kwenye bomba huacha duara mwanzo na mwisho wa mstari. Taa za neoni vilevile: bomba la kioo halikunjwi kwa pembe kali likabaki zima.

Kwa hiyo mviringo ulikuwa kwanza alama ya kazi ya mashine. Kuugeuza kuwa sauti, yaani kuuchagua makusudi ili useme jambo kuhusu mwenye bango, ni tabia ya karne ya 20. Oswald Cooper wa Chicago alikuwa amelainisha herufi nene katika Cooper Black ya mwaka 1922, japo hizo zina vijimkia na ni ukoo mwingine. Mwaka 1970 Bob Newman aliichorea kampuni ya Letraset, iliyouza karatasi za herufi za kubandika kwa kusugua, fonti nene iliyoitwa Frankfurter. Jina ni la soseji, na ukiiona huhitaji kuelezwa zaidi: kila mkono wa herufi umevimba sawasawa na kufungwa kwa nusu duara. Ni fonti ya neno moja au mawili. Ukiandika sentensi nzima kwa Frankfurter, msomaji anachoka kabla ya kitenzi.

Kisha ikaja fonti ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo mama wa mabango yote niliyoyataja mwanzoni. Kampuni ya magari ya Volkswagen ilikuwa imeinunua Audi, na mwishoni mwa miaka ya 1970 wauzaji wa magari ya kampuni hizo mbili wakawekwa chini ya jina moja, V.A.G. Volkswagen ilikuwa ikitumia Futura, fonti isiyo na vijimkia. Audi ilitumia Times, fonti ya magazeti yenye vijimkia. Kuchagua mojawapo kungekuwa kumpa ushindi ndugu mmoja juu ya mwenzake. Ofisi ya ubunifu ya Sedley Place ya London ikapewa kazi ya kutafuta sura ya tatu, na kati ya waliohusika alikuwemo Gerry Barney, yuleyule aliyechora alama ya mishale miwili ya reli za Uingereza. Mwaka 1979 ikatoka VAG Rounded: nene kiasi, kila ncha nusu duara kamili, umbo la chini yake likiwa la zile herufi za mabango za karne ya 19.

Tazama akili iliyomo. Herufi hiyo ilibidi isimame juu ya karakana na vyumba vya maonyesho vya wauzaji wengi katika nchi nyingi, ikikatwa kwa plastiki, ikipakwa rangi kwenye ukuta, ikiwashwa taa kwa ndani. Umbo ambalo kona zake zimekwishaviringwa tangu mwanzo halipotezi kitu fundi asipokuwa stadi. Kona kali ikiharibika kidogo, kila mtu anaona. Mviringo ukikosewa kidogo unabaki kuwa mviringo. Mwaka 1989 Adobe ikaisambaza fonti hiyo kwa watumiaji wa kompyuta, na ikaenda mbali na magari. Kwa miaka mingi, hadi 2015 ilipoanza kuipisha fonti iitwayo San Francisco, ndiyo iliyoandikwa kwenye vitufe vya kompyuta za Apple.

Wenye kompyuta za kawaida hawakuhitaji kuinunua. Arial Rounded MT Bold ilikuja pamoja na programu za ofisi za Microsoft, na naamini hicho ndicho chanzo kikuu cha mabango ya chekechea tunayoyaona: fundi alifungua orodha ya fonti, akakuta moja nene ya mviringo, akaitumia. Katika miaka ya 2000 kampuni za intaneti, Skype ikiwemo, zikaufanya mviringo kuwa sare ya kazi. Duolingo, programu ya kujifunzia lugha ambayo ilianza kufundisha Kiswahili mwaka 2017, ilichorewa fonti yake binafsi iitwayo Feather Bold, nene na ya mviringo, kwa kufuata manyoya ya bundi aliye nembo yake.

Je, kweli mviringo unapendeza, au tumezoeshwa? Kuna ushahidi wa maabara. Wolfgang Köhler mwaka 1929 alieleza jaribio ambalo watu hulinganisha majina ya kubuni na michoro: jina lenye sauti laini hupewa umbo la mviringo, jina lenye sauti kali hupewa umbo la ncha. Mwaka 2006 Moshe Bar na Maital Neta walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba watu wakioneshwa vitu kwa muda mfupi hupendelea vyenye kona za mviringo kuliko vyenye kona kali. Mwaka 2015 Carlos Velasco na wenzake wakaonyesha kwamba fonti za mviringo huhusishwa na utamu, na za pembe kali huhusishwa na ladha nyingine kama uchachu na uchungu. Muuza aiskrimu hakosei, basi, anapochagua mviringo.

Lakini upendeleo huo hautoshi kueleza kila kitu, na Japani inatuzuia tusikimbilie hitimisho. Huko, herufi za mviringo zisizo na mapambo ni herufi za kazi nzito. Shirika la reli la taifa lilianza kuzitumia kwenye vibao vya stesheni mwaka 1960, na kampuni ya reli ya JR Tokai imeendelea kuzitumia. Alama za barabarani nazo zimeandikwa kwa mtindo huo. Abiria wa Nagoya anayesoma jina la stesheni yake haoni utoto wala utamu. Anaona serikali na usahihi wa ratiba. Umbo ni lile lile, maana ni nyingine, kwa sababu watu wamelikuta sehemu tofauti maishani mwao. Kwa hiyo mtu anayesema mviringo ni wa watoto anaeleza mabango aliyokulia, basi.

Tuje sasa kwenye uchoraji wenyewe, maana ndiko wengi wanakoharibu. Njia ya mkato ni kuchukua fonti nene ya kawaida, kuifungua kwenye CorelDRAW, na kuiamuru programu izungushe kona zote. Matokeo hayapendezi, na sababu zinajulikana. Ncha iliyoviringwa huonekana fupi kuliko ilivyo, kwa kuwa jicho halihesabu sehemu iliyopungua pembeni. Mchoraji mzuri huurefusha mkono wa herufi kidogo ili uonekane sawa na wenzake. Pili, mahali mikono miwili inapokutana, kama kwenye bega la n au m, weusi hurundikana. Panapaswa kupunguzwa unene hapo, la sivyo panaonekana kama doa la wino. Tatu, tundu la ndani la herufi, lile jeupe katikati ya a, e, o na d, huzidi kubanwa kadiri herufi inavyonenepa. Likibanwa mno, bango likiwa mbali au mvua ikinyesha, e na o zinakuwa kitu kimoja.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia na madai yake. Irabu a ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika maandishi yetu, na karibu kila neno letu la asili linaishia na irabu. Irabu hiyo ya mwisho mara nyingi ndiyo iliyobeba maana. Afya yako na afya yake zinatofautiana kwa herufi moja tu, na tofauti hiyo inamtaja mtu mwingine kabisa. Pana si pona, chaka si choka. Fonti nyingi za mviringo huchora a kwa mtindo wa mkono, duara na kijiti pembeni, bila kile kipaa cha juu. Quicksand na Comfortaa ziko hivyo. Ukiinenepesha a ya namna hiyo, kijiti kinamezwa na duara, na tofauti yake na o inabaki kuwa kivuli. Msomaji wa lugha yenye konsonanti nyingi mwishoni mwa maneno anaweza kulikisia neno kwa herufi zake nyingine. Sisi tunalazimika kuiona ile irabu yenyewe. VAG Rounded, Arial Rounded, Nunito na Varela Round zina a yenye kipaa, na kwa Kiswahili cha herufi ndogo hiyo peke yake inatosha kuzitanguliza.

Halafu kuna M na W. Ngeli zetu zimejaa hizo: mwalimu, watoto, mwenyewe, wamama, mwanamwali. Ni herufi pana kuliko zote, zenye mikono minne na viungo vitatu, na kila kiungo ni mahali pa weusi kurundikana. Andika MWANANYAMALA kwa fonti nene ya mviringo juu ya ubao wa duka la kawaida, utaona. Ama jina linamaliza ubao mzima kabla ya kufika mwisho, ama fundi anazibana herufi kwa kuvuta pembeni kwenye kompyuta, ikawa mikono iliyosimama imekonda na iliyolala imebaki nene. Uharibifu huu wa kubana ndio unaoniudhi kuliko mwingine wote, maana tiba yake ni rahisi: chagua fonti iliyochorwa ikiwa nyembamba tangu mwanzo, au punguza ukubwa na uache nafasi.

Na kuna ng'. Kile kialama cha juu ni sehemu ya tahajia yetu. Ukikiacha, sauti inabadilika. Katika fonti nene za mviringo alama hiyo huwa kidonge kidogo kilichobanwa kati ya g na herufi inayofuata, na kwenye bango la ng'ombe wa maziwa, ambako fonti hizi zinapendwa sana, huonekana kama uchafu ulioangukia rangi. Fundi mwenye jicho huisogeza, huipunguza unene na kuipa hewa pande zote mbili.

Upande wa faida, Kiswahili hakina herufi zenye alama juu au chini yake kama Kiyoruba au Kivietinamu. Fonti yoyote ya Kilatini duniani inatuandika bila kukosa herufi hata moja. Tuna uhuru wa kuchagua ambao wengine hawana, na hatuna kisingizio cha kuokota ya kwanza kwenye orodha.

Kanga zimetufundisha jambo hapa. Jina la kanga linasomwa kwenye mwili wa mtu anayetembea, kwa sekunde chache, kitambaa kikiwa kimejikunja, na wino umekwisha kusambaa kidogo ndani ya pamba. Kwa kawaida linaandikwa kwa herufi kubwa, nene, zisizo na vijimkia. Katika herufi kubwa A, E, I, O na U hazifanani hata kidogo; ule mkanganyiko wa a na o haupo. Kwa hiyo anayetaka mviringo mnene kabisa, kama ule wa Frankfurter, na aandike kwa herufi kubwa na maneno machache. Majina ya kanga ni mafupi kwa sababu za ushairi, lakini ufupi huo umekuwa pia rafiki wa macho.

Mafundi wetu wa stika wanalijua jambo jingine ambalo vitabu vya ubunifu huliruka. Ukiikata herufi kwenye stika na kuibandika kwenye kioo cha gari au mlango wa duka, kinachoanza kubanduka ni kona. Vumbi linaingia chini ya ncha kali, maji ya kuoshea yanaifuata, kitambaa cha kufutia kinaivuta, na baada ya muda mguu wa M umenyanyuka na kujikunja. Ncha ya mviringo haina mahali pa kushikwa. Hata wakati wa kung'oa stika ya ziada kandokando ya herufi, ile ya mviringo inaachia vizuri bila kuchanika. Herufi za akriliki zenye taa ndani nazo hunufaika, kwa kuwa mwanga haufiki vizuri kwenye pembe kali na huacha kona zikiwa na giza. Sababu ya Wells na keekee yake bado inaishi, basi, kwenye karakana za Kariakoo na za Nairobi. Fundi anayesema zinapendeza angeweza pia kusema zinadumu, na hilo ndilo jibu bora zaidi.

Zipo kazi ambako singetumia herufi hizi hata kwa bure. Maelezo ya dozi kwenye dawa, namba ya akaunti, ilani ya umeme, orodha ndefu ya bei: kote huko tundu lililobanwa linamgharimu mtu pesa au afya, maana 6, 8 na 9 nene za mviringo hukaribiana mno zikiwa ndogo. Tanzia nayo. Nimeziona tanzia zilizochapwa kwa herufi zilezile za tangazo la aiskrimu, na familia iliyofiwa inastahili heshima kubwa zaidi kutoka kwa mchapaji wao. Na aya ndefu, kama hii unayoisoma, haziwezi kubebwa na fonti ya mabango, hata iwe nzuri vipi.

Kwa anayetafuta mfano wa kufuata, aangalie Mumbai. Kikundi cha wachoraji cha Ek Type kilichora fonti nene ya mviringo iitwayo Baloo, kisha kikaichora tena na tena kwa maandishi ya lugha za India: Kigujarati, Kimalayalam, Kitelugu, Kitamil, Kibengali na nyinginezo, pamoja na maandishi ya Kiarabu yanayotumika kwa Kiurdu. Kila toleo lina jina linalomwita kaka au ndugu kwa namna ya wenyeji: Bhai, Chettan, Tammudu, Thambi, Bhaijaan. Hawakuchukua umbo la Kilatini wakalibandika juu ya maandishi mengine. Walianza kwa kuuliza kila maandishi yananenepa vipi bila kuvunjika. Baloo inatolewa kwa leseni huria. Mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia kwa biashara, kuifungua na kuirekebisha bila kulipa, ilimradi atakachotoa nacho kibaki chini ya leseni hiyohiyo.

Kazi kama hiyo kwa Kiswahili ni ndogo zaidi kuliko ile ya Mumbai. Hatuhitaji maandishi mapya. Tunahitaji fonti nene ya mviringo yenye a iliyo wazi, M na W zilizopunguzwa upana kwa mkono wa mchoraji, na ng' iliyopewa nafasi yake, ianzie kwenye mojawapo ya fonti huria zilizopo. Vyuo vyetu vinavyofundisha ubunifu wa michoro vina wanafunzi wanaoweza kuifanya kama kazi ya mwisho wa mwaka, na wangeondoka na kitu ambacho kila karakana ya mabango ingekitumia.

Wakati tunaingoja, mwenye duka anaweza kujilinda mwenyewe. Usikubali sampuli ya fonti iliyoandikwa kwa maneno ya Kiingereza. Mwambie fundi aandike jina lako halisi, pamoja na maneno afya yako, ng'ambo na Mwananyamala, alichape kwenye karatasi, alibandike upande wa pili wa barabara. Mwite mtu asiyejua unauza nini, asome. Akisita kwenye irabu hata moja, badilisha fonti kabla hujalipa.